KISS, Niagara na wenzao: lancha ipi inaifaa simu ya RAM ndogo msimu wa korosho

Mwenye haraka asome aya hii tu. Simu yako ya Android ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2 na unaitumia kazini, weka lancha, yaani programu ya skrini ya kwanza, iitwayo KISS. Ikiwa na RAM ya kutosha na umezoea kuishika kwa mkono mmoja, weka Niagara. Nova siishauri tena. Mzazi ambaye maandishi madogo yanamsumbua muwekee Lawnchair, lakini umpangie wewe mwenyewe, usimwachie.

Wenye muda tuendelee.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, njia ya kwenda Nanyamba. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, simu yangu haikai mfukoni. Napiga picha karatasi za mizani na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Napiga hesabu za kilo. Napokea simu za wakulima wanaotaka kujua mnada wa leo umefika bei gani, na katikati ya yote hayo bodaboda aliyeleta maji anasubiri hela yake. Simu yenyewe ni ya bei ya chini: RAM GB 2, hifadhi GB 32, kioo kimepasuka kona ya juu. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwa sababu ninayoyasema hapa chini kuhusu lancha yake ni ya simu yangu mimi, na yako inaweza kuwa na tabia nyingine.

Lancha ndiyo ile programu inayokupokea kila ukibonyeza kitufe cha nyumbani. Aikoni zimepangwaje, ukitelezesha kidole juu kinafunguka nini, mandhari yako wapi, yote hayo ni yake. Kila simu inakuja na ya kwake, ila Android inakuruhusu kuweka nyingine juu yake bila kumwona fundi wala kufuta kitu chochote. Wenye iPhone hawana ruhusa hiyo, kwa hiyo hapa hatuna biashara nao.

Ya kwangu niliyonunua nayo simu ilikuwa na ukurasa wa kushoto uliojaa udaku wa mastaa, folda inayojijaza michezo ambayo sijawahi kuiomba, na kila nikifuta programu moja napendekezewa mbili. Ni kama mtu amekupangisha chumba halafu anaendelea kuingiza mizigo yake humo. Na usisahau kwamba ule ukurasa wa udaku unavuta picha, na picha zinakula bando. Nilipoingia kwenye matumizi ya data nikakuta lancha imo kwenye orodha, nikajiuliza skrini ya kwanza inahitaji intaneti ya nini.

Basi, KISS.

Ukiiweka mara ya kwanza utadhani imeharibika. Hakuna kurasa wala safu za aikoni. Kuna kisanduku cha kuandikia chini ya kioo, na juu yake orodha ya vitu ulivyotumia karibuni. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, inapatikana Play Store na F-Droid (duka la programu huria), haina matangazo na hulipii chochote. Udogo wake unashangaza: picha moja ya kamera yangu ni nzito kuliko lancha nzima. Unaandika herufi mbili tatu za kitu unachokitaka, kinatokea chini karibu na kidole gumba, unagusa. Ukizoea, hata kuandika kunapungua, kwa sababu inajifunza unachokifungua mara kwa mara na kukisogeza karibu. Kwangu WhatsApp, kamera na jina la msimamizi wa ghala vimeweka makazi pale chini tangu msimu uanze.

Kilichonifanya niikubali si udogo wake, ni kile kisanduku. Mkulima amesimama mbele yangu, gunia limetoka kwenye mizani, kilo 87. Mara nyingi haulizi kilo, anataka kujua itakuwa shilingi ngapi. Siendi kutafuta kikokotoo. Naandika 87*3400 palepale kwenye skrini ya kwanza na jibu linatokea: laki mbili na tisini na tano elfu, mia nane. Namwonyesha kioo. "Hiyo kabla ya makato, Nang'olo," namwambia, maana makato nayo yana siku yake ya kugombewa. Kazi hiyo ilikuwa inanichukua kufungua programu, kusubiri, kukosea kugusa na kurudi nyuma.

Jambo la pili ni pesa za simu. Wengi wetu bado tunatumia menyu za nyota, kwa sababu zinafanya kazi hata bando likiisha. KISS ukiipa ruhusa ya kusoma majina ya simu, inayatafuta pamoja na programu. Nimehifadhi *150*00# kwa jina "Hela Voda" na *150*60# kwa jina "Hela Airtel". Nikiandika "hel" zinakuja zote mbili na alama ya kupiga pembeni, naigusa, menyu inafunguka. Unaweza pia kuiongezea programu maneno yako ya kuitafutia: shikilia jina lake, ongeza neno. Programu ya benki yangu ina jina refu la Kiingereza ambalo silikumbuki, nimeipachika neno "mshahara" na inaitika.

Kasoro zake? Sura. Hata ukiibadilisha rangi, KISS itabaki kuonekana kama daftari la mahudhurio. Wijeti, vile visanduku vya saa au kalenda vinavyokaa kwenye skrini, inazikubali lakini bila mapenzi. Na ile orodha ya vilivyotumika karibuni ni umbea: mtu akisimama begani kwako anaona umempigia nani na umefungua nini. Ukishikilia kitu kwenye orodha unaweza kukitoa kwenye kumbukumbu, au ukawasha hali inayoacha skrini tupu mpaka uguse. Kwa karani anayezungukwa na watu kutwa nzima, washa hiyo mapema.

Olauncher ni ndugu yake wa mbali, na nayo ni huria. Haina aikoni kabisa kwenye skrini ya kwanza. Ni majina tu ya programu, yasiyozidi manane, kwa herufi. Nilipenda kwamba unaweza kuyabadilisha majina hayo ukaandika utakavyo. Yangu yalisomeka "Picha za mizani", "Kundi", "Redio". Kutelezesha kidole kushoto kunafungua programu moja unayoichagua, kulia nyingine. Nyumbani jioni inapendeza sana. Ghalani mambo yalikuwa mengine. Saa saba mchana, Novemba, umesimama kwenye baraza la ghala jua linakuja kutoka kwenye mchanga mweupe chini yako, herufi nyeupe nyembamba juu ya mandhari meusi hazionekani hata ukipandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho. Unabaki kuziba simu kwa kiganja na kuchungulia. Nikageuza kwenye mandhari meupe na herufi nyeusi zilizokuzwa, ikasomeka, ila uzuri wake wote ukaisha. Anayekaa ofisini chini ya feni ataifurahia kuliko mimi. Anayetaka kupunguza kuchezea simu usiku ataifurahia zaidi, maana hakuna rangi hata moja inayomwita.

Niagara niliiweka kwenye simu ya mdogo wangu, yenye RAM GB 6, kwa sababu kwenye yangu ilikuwa inakwenda lakini kwa kulalamika. Wazo lake ni safi. Programu chache unazozipenda zimejipanga kwa orodha ya wima, jina na aikoni, na pembeni kuna alfabeti. Unaweka kidole gumba kwenye ile alfabeti na kukishusha, herufi zinajikunja kama wimbi kukifuata, ukifika M unaona zote za M, unaachia juu ya unayoitaka. Hupekui kurasa. Ujumbe ukiingia unaonekana pembeni ya jina la programu husika, hivyo unasoma mwanzo wake bila kushusha kitu. Nani asiyejua kazi ya kushika simu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika chuma cha daladala? Kwa mtu huyo sijaona bora zaidi.

Lakini kuna mambo mawili sikuyaona kwa wanaoisifia. La kwanza ni kava. Simu nyingi huku zinavalishwa kava nene la mpira kwa sababu zinaanguka, na kingo za kava linaloinuka zinakizuia kidole kufika kwenye alfabeti iliyo ukingoni kabisa. La pili ni namna ya kurudi nyuma. Ukiwa umewasha urambazaji wa kutelezesha, ukingo uleule wa kioo ndio wa kurudi nyuma, kwa hiyo unakusudia kushuka kwenye herufi, simu inaelewa unarudi. Dawa ni kurudisha vile vitufe vitatu vya chini, na hapo ugomvi unaisha. Mdogo wangu alinikatalia, akisema vitufe ni vya wazee. Ana kava jembamba, amezoea, nimemwacha. Kumbuka pia kwamba Niagara ya bure ni nzuri ila baadhi ya urembo wake umefungiwa kwenye toleo la kulipia, na asiye na njia ya malipo inayokubalika kwenye Play Store ajue mapema kwamba ataishia kwenye ya bure. Mimi sikuona nilichokosa.

Sasa Nova. Kwa muda mrefu ukimuuliza kijana yeyote anayejua simu, jibu lilikuwa Nova. Ilianza mwaka 2011, na kwa haki yake, hakuna iliyokuwa inakupa uhuru mwingi kiasi kile: ukubwa wa gridi, aikoni moja moja, ishara za vidole, nakala ya akiba ya mpangilio wako unayohamia nayo simu mpya. Julai 2022 kampuni ya Branch ya Marekani ikainunua. Mwaka 2024 wafanyakazi wengi walioitengeneza wakapunguzwa, na Septemba 2025 Kevin Barry, mwanzilishi wake, akatangaza kwamba ameondoka na kwamba alikuwa ameambiwa aache kuishughulikia. Mtu aliyeilea mwenyewe katoka. Lancha si mchezo wa simu unaoweza kuchakaa ukaufuta. Inaona kila unachofungua, na Android ikibadilika kila mwaka inahitaji mtu wa kuitengeneza ilingane. Aliyenayo na inamfanyia kazi, sawa, sina la kumwambia. Anayeanza leo, sioni sababu ya kumpeleka huko wakati zipo nyingine ambazo bado zina watu wa kuzitunza.

Microsoft Launcher niipite haraka. Ni nadhifu, inawafaa waliofungwa na kalenda na barua pepe za ofisi. Kwenye RAM ya GB 2 inavuta miguu.

Sasa mambo yanayowashinda wengi baada ya kupakua. Kuiweka lancha peke yake hakutoshi, lazima uiambie simu kwamba hii ndiyo inipokee. Ingia Mipangilio, Programu, halafu Programu chaguomsingi, tafuta palipoandikwa skrini ya kwanza au neno linalofanana nalo, chagua. Simu nyingine zina ukaidi: ukiizima na kuiwasha, ya zamani inarudi, unachagua tena. Halafu kuna lile tatizo la skrini kubaki tupu kila ukirudi nyumbani, aikoni zinakuja moja moja. Si kosa la lancha. RAM ni ndogo, na simu za bei ya chini zina tabia ya kuua kila programu isiyo ya kwao ili kutunza chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya ile lancha na uiondolee kikomo. Kwenye simu yangu KISS ndiyo pekee ambayo hata bila kufanya hivyo ilirudi kabla sijapepesa jicho.

Usiizime lancha ya zamani kabisa, hata ikikuudhi. Kwenye simu nyingi ndiyo inayoendesha ule ukurasa wa programu zilizofunguliwa karibuni, ukiizima kitufe kile kinakufa. Iache imelala, zima tu arifa zake na uikatie data ya chinichini.

Ruhusa nazo zisomwe. Lancha kuomba majina ya simu ili iyatafute, naelewa. Kuomba kuona arifa ili ionyeshe nukta ya ujumbe, naelewa. Lakini ikiomba ruhusa ya ufikivu, simama kwanza. Kuna sababu halali, kwa mfano kufunga kioo kwa kugonga mara mbili kunaitumia. Ila ruhusa hiyo inaweza kumpa mwenye programu uwezo wa kusoma kila kilichopo kwenye kioo, na kwenye hicho kioo ndipo unapofungulia benki na pesa za simu. Kwa programu huria inayojulikana unaweza kuamua. Kwa lancha yenye jina la ajabu, mandhari ya simba anayewaka moto na nyota tano zilizoandikwa na watu wasio na majina, hapana. Na ile APK (faili ya kusakinisha programu bila kupitia Play Store) iliyorushwa kwenye kundi na mtu anayesema "hii ni full, nimeshafungua kila kitu", futa bila kumjibu.

Nimebakiza Lawnchair, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya mama.

Mama anaishi Mikindani. Kusoma anasoma, lakini macho yamechoka na subira ya menyu hana. Alikuwa na kitochi, na alikipenda kwa kuwa namba moja ni mimi, namba mbili ni kaka, basi. Tulipomnunulia simu ya kupangusa ili aone wajukuu kwa video, matatizo yakaanza: kila alipoigusa kitu kilihama. Aikoni ya kupigia simu aliikokota mpaka ukurasa wa tatu. WhatsApp aliitoa kwenye skrini akaamini imefutwa na wajukuu wamempiga marufuku.

KISS na Olauncher kwake hazina maana, zinataka uandike au usome. Lawnchair inafanana na lancha ya kawaida ya Android, ni huria, na ina vitu vitatu nilivyovihitaji: kupunguza gridi, kukuza aikoni, na kufunga skrini ya kwanza ili kisikokoteke kitu. Nimempa safu tatu tu za kwenda chini, aikoni kubwa kadiri kioo kilivyoruhusu, ukurasa mmoja. Kile kisanduku cha kutafutia nimekiondoa. Juu ni saa, kwa tarakimu nene. Chini yake picha za watu: kaka, mimi, shangazi wa Shangani, na mtu wa bodaboda anayempeleka hospitali ya Ligula siku za kliniki. Hizo si programu. Ni wijeti ya programu ya majina ya simu, ile ya kupiga moja kwa moja. Unampa mtu picha kwenye majina, unamchagua, na sura yake inakaa kwenye skrini. Mama akigusa sura, simu inaita. Safu ya mwisho ni WhatsApp, tochi na redio.

Picha zichague vizuri. Kaka aliniletea aliyopiga harusini, amevaa miwani ya jua kati ya watu wengi, na ikipunguzwa kuwa duara dogo huoni hata kama ni mtu. Mpige mtu uso tu, ukuta mweupe nyuma. Shangazi alikataa ya bila mtandio, tukarudia.

Malalamiko yangu kwa Lawnchair ni kwamba mipangilio yake ni msitu. Kuna mengi mno, mengine majina yake hayaeleweki mpaka uguse uone, na kufuli la skrini ya kwanza limejificha kiasi kwamba mtu wa kawaida hatalipata bila kuelekezwa. Mimi nilikaa nayo jioni nzima kibarazani kwa mama, tena nikiwa najua ninachokitafuta. Na simu yake nimeiwekea lugha ya Kiswahili, lakini ndani ya Lawnchair bado utakutana na Kiingereza. Yeye haingii huko, hivyo halimsumbui.

Juzi alinipigia, kwa sura, akitaka nimwongezee jirani anayemletea samaki kutoka kivukoni, na tochi ihamie kulia kwa sababu akiamka usiku mkono unaotangulia ni huo. Jumamosi nikishuka Mikindani nitaifungua skrini, nitahamisha tochi, nitampiga picha yule jirani ukutani, halafu nitaifunga tena kabla mama hajaishika.